Msimu wa Wacheki na Hodi Tatu

Wiki iliyopita nilikuwa nimesimama kwenye duka la laoban mmoja, yaani tajiri wa Kichina, pale Shisanhang, soko la nguo la Guangzhou, nikichagua magauni ya watoto, ujumbe ukaingia kutoka Bukoba. Ulitoka kwa Asela, binti wa Dada Koku. "Shikamoo mama mdogo. Hali ya mama si nzuri. Anasema kabla hajaondoka lazima akuombe msamaha kwa yale ya Guangzhou. Utaweza kuongea naye kwa video Jumapili, tukitoka ibada ya kwanza?" Nikaandika kwamba nitaweza. Laoban akaniuliza kama nachukua ya rangi ya waridi au ya njano, nikamwambia nitarudi, nikatoka nje nikaenda kukaa juu ya robota la mtu nisiyemjua. Afadhali niseme mapema ili msomaji asije akanihurumia bure: Dada Koku hajanikosea chochote. Mkosaji ni mimi. Miaka yote hii amelibeba kosa langu akidhani ni lake, na mimi nimemwacha alibebe, kwa sababu akilibeba yeye mimi natembea mwepesi.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na sita. Ndiyo kwanza nilikuwa nimejifunza kulilia bei kwa Kichina bila kuona haya. Nilipanga chumba mtaa wa Sanyuanli, ghorofa ya tano, kwenye jengo lililosogeleana na jingine kiasi kwamba jirani wa upande wa pili angeweza kukupa chumvi dirishani bila kunyoosha mkono sana. Ghorofa ya sita, juu ya kichwa changu, aliishi Dada Koku. Chumba chake kilikuwa na kitanda kilichosimamishwa ukutani mchana, majiko mawili ya gesi, viti vya plastiki vya kukaa watu tisa wakibanana, na harufu ya vitunguu ambayo haikutoka hata ukifua pazia. Mchana wafanyabiashara walipanda kula kwake: Watanzania, Wakenya, na mara mojamoja Mkongo mmoja aliyekula kimya akimaliza anasema "merci, mama" kwa sauti ya padri. Alipika ndizi kwa maharage, na ndizi hizo alizitafuta soko zima, akizibonyeza moja moja na kuwaambia wauzaji kwa Kihaya kwamba hawajui wanachouza. "Sisi Wahaya," alikuwa akisema, "tulianza kusoma kabla shule hazijajengwa. Wewe wa Singida unajua kuku tu." Nami nikimjibu kwamba kuku huliwa, elimu yake hailiwi, anacheka mpaka anashika ukuta.

Viza yake ilikuwa imekwisha miezi mingi. Sote tulijua, wala hatukulisema. Alikuwa amejenga nyumba Bukoba, kuta zimesimama, amebakiza paa, na alikuwa amejiapiza kwamba harudi mpaka bati la mwisho lipigiliwe, maana nyumba isiyo na paa, alisema, ni aibu ya kuonwa hata na ndege. Kwa hiyo hakushuka chini ovyo, na mlango wake haukufunguliwa ovyo. Alikuwa na sharti moja. Asigonge mtu. Mwenye nyumba hugonga, polisi hugonga, mtu wa gesi hugonga. Sisi tupige hodi. Mchina akijifunza Kiswahili chote, alituambia, hodi hataijua, kwa sababu kwao hawana mtu wa kusimama nje na kuomba kukaribishwa kwa mdomo. Ukipiga hodi ungesikia kwanza "Karibu!" kisha kitasa. Kwa aliyegonga, chumba kizima kilinyamaza, na hata sufuria ilionekana kuchemka kwa adabu.

Sababu iliyomtoa nje, mara moja kwa wiki, ilikuwa sinema. Nami ndiye niliyeileta. Nilikuta karatasi imebandikwa kwenye mgahawa wa kahawa karibu na kituo cha metro: kila Jumamosi saa tisa alasiri, ukumbi wa juu, filamu za Wacheki zilizotengenezwa baada ya ukomunisti kuanguka kwao, kuingia bure. Sikujua Wacheki ni akina nani. Nilijua tu kwamba ukumbi ungekuwa na kiyoyozi, na ile ilikuwa miezi ambayo Guangzhou hukuvika joto kama koti la mvua. Nilipolitangaza mezani, Brayo, kijana wa Nairobi aliyenunua vipuri vya simu, alidondosha kijiko. "Ati mnaenda kucheki Wacheki? Maze, si mbaki hapa mnicheki mimi! Mimi niko fiti kuwaliko, na kwangu huhitaji kusoma maandishi." Jina likatushika hapohapo. Toka siku hiyo Jumamosi ikawa siku ya kucheki Wacheki, na Dada Koku, ambaye kwa siku sita hakuvuka ngazi ya mwisho, alijifunga kitambaa cha kitenge, akavaa miwani ya jua ya kununua kwa jumla, tukapita vichochoro vya nyuma mpaka kule.

Ukumbi wenyewe ulikuwa chumba kirefu chenye viti vya kukunja, turubai jeupe ukutani, na meza ya chupa za chai. Mwenye shughuli alikuwa mzee mmoja, Bwana Liang, mwalimu mstaafu aliyesoma Ulaya, nchi ya hao Wacheki, ujanani na bado akikisema Kicheki chao. Siku ya kwanza alitutazama kama mtu aliyeletewa wageni wa mbali harusini. Akatuvutia viti viwili karibu na kiyoyozi, akatumiminia chai ya maua, na kabla taa hazijazimwa akatueleza kwa Kiingereza chake cha taratibu jinsi msimu ule wa filamu ulivyokuwa. Neno la Kichina la kuuita msimu huo, alisema, maana yake ni kugeuza shingo ukatazama ulikopita. Watu wale walikuwa wameishi miaka mingi chini ya chama kimoja, wakichungana. Kisha chama kikaanguka, wakabaki wanatazamana, na katika kule kutazamana wakaanza kutengeneza sinema. Dada Koku akaninong'oneza, "Kumbe na wao walikuwa na balozi wa nyumba kumi." Nikacheka chai ikanipanda puani. Wachina walio mbele yetu wakageuka, Bwana Liang naye akacheka bila kujua tunacheka nini.

Maandishi ya chini yalikuwa ya Kichina na Kiingereza, na yalikwenda mbio. Dada Koku Kiingereza alikijua cha sokoni, kwa hiyo kazi yangu ilikuwa kumtafsiria sikioni. Nilijiona mjuzi. Jumamosi ya tatu au ya nne ikaja filamu ya mwanamke wa posta katika mji mdogo, na jirani yake, mzee mpole anayemletea uyoga kila mvua ikinyesha. Serikali mpya inaruhusu watu kusoma mafaili waliyoandikiwa zamani. Yule mama anakwenda, anafunguliwa faili lake, na humo anakuta mtu ameandika kila kitu: nani alimtembelea, alilia lini, hata alipika nini. Neno la kumtaja huyo mwandishi lilipokuja kwenye maandishi, mimi kwa ujuzi wangu nikamwambia Dada Koku, "Huyu mzee alikuwa mtoa habari." Akaguna, akatulia. Nusu nzima ya filamu ametulia. Mwishowe akanivuta kanga. "Sasa mbona hasomi taarifa ya habari? Redio yake iko wapi?" Nikamweleza upya, kwamba alikuwa akipeleka habari za jirani zake kwa wakubwa. "Shushushu!" akasema kwa sauti, ukumbi mzima ukasikia. "Si useme ni shushushu! Mtoa habari, mtoa habari, mimi namsubiri atangaze vifo."

Mwisho wa filamu yule mama anabeba sahani ya chakula, anakwenda kwa mzee. Wanakaa. Yeye anajua, mzee anajua kwamba anajua, na hakuna anayefungua mdomo. Wanakula tu, uma unagonga sahani, basi, taa zinawaka. Wachina wakapiga makofi. Dada Koku alikuwa amekasirika kama aliyeibiwa. Njiani kurudi, vichochoroni, chini ya nguo za watu zilizokuwa zikitona maji, hakuacha. "Yaani anakula tu? Mwanamume mzima anakula?" Nikamwambia labda mzee aliona haya. "Haya ya nini? Angesema. Mtu akikukosea halafu akanyamaza, anakuacha wewe unajipekua, unatafuta kosa lako mwenyewe. Mpaka unalipata! Mtu akijipekua hakosi." Nilikubaliana naye kabisa. Nilimwambia mimi ningesema siku ileile. Nakumbuka hata tulikuwa tumefika wapi nilipolisema hilo, kwa sababu alisimama akakung'uta kandambili, akaniambia, "Wewe ungesema. Wewe huna roho ile."

Haukupita mwezi. Ilikuwa siku ya kazi, saa nne asubuhi. Pasipoti yangu ilikuwa kwa wakala ikisubiri viza mpya, mkononi nina risiti tu, na marobota yangu yalikuwa yameshafungwa kwenda bandarini Huangpu wiki ile. Polisi wawili walinisimamisha mlangoni pa jengo, wakanipeleka kwenye ofisi yao ndogo ya kuandikisha wapangaji, pale pale mtaani. Nimeisimulia hadithi hii kwa watu wengi, na kila mara nimewaongezea polisi hao ukali. Ukweli ni kwamba hakuna aliyenifokea. Kijana mmoja aliyejua Kiingereza alinipa maji ya moto kwenye kikombe cha karatasi, akaitazama risiti yangu, akaiweka mezani chini ya kiwiko chake. Akasema wanajua ghorofa ya sita kuna mwanamke anapika na hana viza. Wamegonga mara mbili, hafungui. Kuvunja mlango hawapendi, wapangaji hulalamika. Wewe unakaa hapo, huwa unaingiaje? Nikasema sijui. Akanywa maji yake, akangoja. Hakuniambia atanifanya nini. Alikaa tu na kiwiko juu ya risiti, nami nikaanza kuyaona marobota yangu yakiondoka peke yake, na mimi nikishushwa uwanja wa ndege kwetu na mfuko mmoja, na watu wakiniuliza. Nikamwambia, "Huwa tunaita."

Tukapanda. Ngazi zile nazikumbuka kuliko za nyumba yangu: waya za umeme, ndoo ya mtu, viatu vya mtoto. Kijana akanionyesha mlango kwa kidevu kama mtu anayempisha mgeni atangulie. Nikapiga hodi. Ilitoka ndogo, hata mimi sikuisikia vizuri. Akanipungia kidole: tena. Nikapiga ya pili. Ndani kimya. Sote tumelelewa hivyo, Mkristo na Mwislamu: ukipiga hodi tatu hujajibiwa, unageuka unakwenda zako. Nilikuwa nimebakiza moja. Ningeipiga kwa sauti ya ajabu angeshtuka. Ningemgeukia yule kijana nikamwambia hayupo, na labda angeniamini, labda asingeniamini. Badala yake nikavuta pumzi nikasema, "Hodi! Dada Koku, ni mimi, Tumaini." Hiyo ya tatu niliipiga kwa sauti yangu ya kila siku, sauti ya mtu mwenye njaa. Na maneno yale ya mwisho, kwamba ni mimi, hakuna polisi aliyeniambia niyaseme. Niliyaongeza mwenyewe, kwa sababu nilitaka yaishe.

"Karibu, mdogo wangu!" Kitasa kikalia. Alikuwa na kisu cha vitunguu mkononi na machozi ya vitunguu machoni. Akaniona mimi, kisha akawaona wao nyuma yangu, na katika muda ambao mimi nilikuwa nikitafuta pa kutazama, yeye alikuwa ameshaamua jambo limekuwaje. Akaweka kisu chini. Akanishika bega kwa mkono uliolowa. "Pole, mdogo wangu. Nimekuponza. Wamekukamata kwa ajili yangu." Kisha akaanza kuwaambia polisi kwa Kichina chake cha kuvunja, meiyou, meiyou, akininyooshea kidole, akimaanisha huyu hamo, huyu hana kosa, huyu huja kula tu. Alinitetea mbele yangu. Wakamruhusu achukue mfuko na koti. Mlangoni akageuka akanipa mwiko. "Maharage yameiva. Ndizi bado kidogo. Watu wakija wagawie, wasikose chakula." Nikaupokea. Wakamteremsha, na mimi yule kijana akanirudishia risiti yangu palepale kwenye ngazi.

Niligawa. Saa saba watu walipanda, wakapiga hodi, na mimi ndiye niliyeitikia karibu. Niliwaambia Dada Koku amekamatwa. Nilipakua huku nalia, wakanibembeleza, wakaniambia nile na mimi, nikala. Ndizi zilikuwa zimeiva sawasawa. Walipokuwa wakila ndipo maneno yakaanza, nami nimewapa mgongo nikisugua sufuria ambayo haikuwa chafu. Mlango ule haufunguki bila hodi. Basi hodi kaipiga nani? "Humu ndani kuna shushushu," akasema mmoja wa Mwanza. Mwingine akakumbuka kwamba Brayo aligombana na Dada Koku wiki iliyopita kwa sababu ya kiti. Mwingine akakumbuka kwamba Brayo hajaja leo. Aliyeniona nikipanda na polisi hakuwapo, na mimi niliyejua nilikuwa nasugua. Brayo alipokuja kesho yake na mizaha yake hakujibiwa salamu. "Kwani nimewafanyia nini, wasee?" aliuliza, akitutazama mmoja mmoja mpaka akanifikia mimi. Nikainamia viatu vyangu. Baada ya majuma machache alihama mtaa, na nasikia baadaye aliacha kuja China. Huyo sijawahi kumtafuta.

Jumamosi nilikwenda kucheki Wacheki peke yangu. Sijui kwa nini nilikwenda. Nadhani niliogopa Bwana Liang asije akauliza watu. Alikuwa ameshaweka viti vyetu viwili na vikombe viwili. Akaniuliza dada yuko wapi, nikasema amesafiri. Akafurahi, akasema akirudi atamtafutia ile filamu ya uyoga aitazame tena, maana hakuwahi kuona mtu aliyeikasirikia vizuri namna ile. Siku hiyo ilikuwa filamu ya kuchekesha, ya kwaya ya kijiji inayogombania nani aliimba wimbo gani enzi za chama. Maandishi yalipita, nikajikuta natafsiri kwa Kiswahili, midomo inatembea, sikio hakuna. Nilikwenda mpaka msimu ukaisha. Niliziona zote, na katika zote walikuwamo watu waliojua kitu na wakaamka asubuhi wakanywa chai. Zamani nilidhani zile sinema zinahusu serikali.

Dada Koku alirudishwa nyumbani bila kurudi ghorofa ya sita. Nyumba ilikaa bila paa miaka, mvua ya Bukoba ikanyeshea sakafu, mpaka Asela alipokua akaiezeka yeye. Mimi marobota yangu yalifika. Nilifungua duka, nikafungua la pili, naenda na kurudi Guangzhou mpaka leo na viza safi. Kila Krismasi nimempigia, na kila Krismasi amenianza yeye: "Mdogo wangu, bado naikumbuka siku ile nilivyokuponza." Nami nimesema yaache hayo, Dada, ya kale hayanuki. Msemo mzuri, unafaa sana kwa mtu anayenuka.

Jumapili nilijifungia chumba cha hoteli Sanyuanli, saa kumi alasiri, kwao saa tano asubuhi. Nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa nimeyaandika kwenye karatasi ili nisipotee. Asela akashika simu, nikaona kitanda, akina mama wa jumuiya na kanga zao za kanisa wamekaa pembeni, na katikati uso mdogo ambao nisingeujua ningeukuta njiani. "Shikamoo, Dada." "Marahaba, mdogo wangu. Umekula?" Nikasema nimekula. Akapumzika kidogo. "Nimewaita hawa wawe mashahidi. Mimi nilikuwa na tamaa ya paa. Nikakaa nchi ya watu bila kibali, nikakuweka wewe hatarini. Wakakushika, wakakulazimisha unipigie hodi. Naisikia ile hodi yako mpaka leo, mtoto wa watu ulivyokuwa unatetemeka. Nisamehe." Nikasema, "Dada, si wewe. Si wewe uliyekosa, ni mimi." Akatabasamu, akawageukia wale akina mama. "Mnaona? Niliwaambia yuko hivi. Atajitwika hata lisilo lake." Wakaguna kwa upendo. Asela akaisogelea simu, akaninong'oneza, "Mama mdogo, tafadhali mwambie tu umemsamehe. Hajalala siku tatu, anakusubiri wewe."

Kwa Kiswahili ni neno moja tu: hawakunilazimisha. Nilikuwa nalo mdomoni, silabi zote. Uso ule ulikuwa umejaa simu nzima, unangoja, na mimi nikajiambia kwamba mgonjwa hapewi mzigo mpya, na hata nilipokuwa najiambia nilijua kwamba si yeye ninayemhurumia.

"Nimekusamehe, Dada Koku," nikasema.

Akina mama wakaitikia amina. Yeye akafumba macho, akanishukuru.